Tranka la babu: Superman wa 1938, Spear, Sani na vitabu vya peni. Tuuze au tutunze?

“Shikamoo mwalimu. Babu yangu mzaa mama alifariki mwaka jana hapa Mikindani. Alikuwa karani bandarini Mtwara na alikuwa mtu wa kusoma sana. Ameacha tranka la bati limejaa vitabu vya katuni: Spear ishirini na kitu, Sani rundo zima, vya Kizungu vya Spider-Man na wenzake ambavyo bei imeandikwa kwa peni badala ya senti, na kimoja kikubwa cha Superman ameinua gari la kijani, kina tarehe ya Juni 1938. Binamu yangu kaangalia mtandaoni anasema hicho peke yake ni mabilioni ya shilingi. Mjomba hataki mambo mengi. Kuna kijana katoka Dar anatoa laki tatu kwa tranka zima na anataka jibu haraka. Vitabu vingine vina madoa, pini zimeshika kutu na vinanuka uvundo. Dada anashauri tuvianike juani, palipochanika tubandike selotepu, vile vizuri tukavifanyie laminesheni. Na kuna mtu katuambia vya peni ni feki, tuvitupe. Tuna mali hapa au tuna makaratasi?”

Marahaba binti yangu, na poleni sana na msiba.

Mna vyote viwili, mali na makaratasi, na vimelala pamoja humo humo kwenye tranka. Kazi yenu ni kuvitenganisha wenyewe kabla mtu mwingine hajawatenganishia kwa faida yake. Ila kuna jambo la kufanya leo hii kabla hujamaliza kusoma: mzuie dada. Jua, selotepu na laminesheni vitafanya kwa siku moja uharibifu ambao bahari haijaufanya kwa miaka hamsini. Na mjomba, kwa heshima zake zote, mwambieni huyo mnunuzi asubiri. Vitabu vilivyokaa kwenye bati tangu enzi za Mwalimu haviwezi kupotea kwa wiki mbili za kuvihesabu.

Naanza na Superman, maana najua ndiye anayewanyima usingizi. Superman alitokea mara ya kwanza kwenye toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938, na kweli toleo hilo lina bei ya kutisha. Aprili 2024 nakala moja ilinadiwa Marekani ikafika dola milioni 6, zaidi ya shilingi bilioni 15 za kwetu. Binamu yako bei hakuikosea. Nina wasiwasi amekosea kitabu.

Neno lililonishtua katika swali lako ni “kikubwa”. Chukua rula ya mtoto wa shule, upime kava kwa upana, kisha kwa urefu. Toleo lenyewe la 1938 lina upana wa sentimita 20 hivi na urefu usiofika 27. Ukipata kama 25 kwa 34, ulichoshika ni chapa ya mwaka 1974. Mwaka huo kampuni ya DC ilichapa upya toleo lile lote kama lilivyokuwa, kuanzia kava na hadithi hadi matangazo ya biashara ya zamani, kwa umbo kubwa, kisha wakaliweka ndani ya kava la pili la karatasi nene lenye fremu ya dhahabu na maneno Famous First Edition. Kava hilo la nje likitoka, kinachobaki ni kitabu kinachojitambulisha kuwa cha 1938, na tarehe yake juu. Wapo waliolitoa makusudi wapate wa kuwatapeli. Mara nyingi zaidi lilichanika tu kwa mikono ya watoto, na sina sababu ya kumshuku babu yenu.

Je, kama vipimo vinakuja vya kitabu kidogo? Bado msichinje mbuzi. Toleo hilo limechapwa upya zaidi ya mara moja, na zipo chapa za saizi ya kawaida. Hapo tafuteni duka lenye kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti bandia, mkiwashe juu ya kava na juu ya ukurasa wa ndani mahali penye giza. Viwanda vya karatasi vilianza kutia kemikali ya kung'arisha weupe karibu na mwaka 1950, na karatasi yenye kemikali hiyo huwaka rangi ya bluu-nyeupe chini ya taa. Ikiwaka hivyo, si ya 1938, na mjadala umekwisha. Isipowaka haijathibitisha kitu, kwa sababu karatasi ya gazeti hata ya miaka ya baadaye mara nyingi haitiwi kemikali hiyo. Kama kimepita vipimo vyote viwili, acheni kukigusa na mrukie kule mwisho ninapoeleza msaada wa ana kwa ana.

Chapa ya 1974 yenye kava lake la nje, ikiwa safi, ina wanunuzi wake kwa makumi ya dola. Bila kava hilo ni dola chache tu. Mwachieni mjukuu asome.

Sasa vya peni, ambavyo mmeambiwa mtupe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kama kuna fedha za haraka ndani ya tranka hilo, huenda ziko hapa. Kuanzia mwaka 1960 Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, walipokuwa wakichapa vitabu vyao Marekani, walisimamisha mtambo, wakabadilisha sehemu ya bei kwenye kava, wakaendelea kuchapa nakala za kupeleka Uingereza. Mtambo ni ule ule, wino ni ule ule, karatasi ni ile ile. Palipokuwa na senti 12 pakaandikwa 9d, baadaye 10d, baadaye shilingi moja ya Kiingereza. Kwa hiyo si feki na wala si chapa ya pili. Ni nakala halisi za toleo la kwanza, tena zilichapwa chache kuliko zile za senti. Na ni jambo la kawaida kuzikuta pwani hii, kwa kuwa vitabu na magazeti mengi ya Kiingereza yalitufikia kwa njia ya Uingereza, kupitia maduka ya vitabu, walimu, wamisionari na mabaharia. Karani wa bandari alikuwa amekaa mlangoni kabisa.

Lakini peni si moja. Mtaona aina tatu, na ni lazima mzitenge. Ya kwanza ni hiyo niliyoeleza, bei ya peni imechapwa pamoja na kava. Ya pili ni kitabu chenye bei ya senti iliyochapwa, halafu juu yake kuna muhuri wa wino wa mviringo, mara nyingi umegongwa upande, wenye bei ya peni. Muhuri huo uligongwa na waagizaji wa Uingereza, maarufu zaidi wakiwa Thorpe & Porter wa Leicester. Hiyo ni nakala ya Marekani iliyovuka bahari, na ni halali kabisa. Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu: magazeti ya kila wiki ya Marvel yaliyochapwa Uingereza yenyewe kuanzia 1972, makubwa kuliko vitabu vya kawaida, kurasa nyingi za ndani hazina rangi kamili, bei yake ni peni mpya, kwa mfano 5p. Hayo yanarudia hadithi za zamani. Yana wapenzi wake, lakini thamani yake ni ndogo sana ukilinganisha na zile aina mbili. Dokezo la haraka: herufi d baada ya namba ni peni ya zamani, kabla Uingereza haijabadilisha fedha zake Februari 1971, herufi p ni baada ya hapo. Ila msiitumie d na p kama hukumu ya mwisho, maana Marvel waliendelea kuchapa nakala za peni mpya huko Marekani pia. Angalieni ukubwa na rangi za ndani.

Kitu gani basi hufanya Spider-Man mmoja awe na bei ya chai na mwingine awe na bei ya kiwanja? Umri peke yake hausaidii sana. Watu wanatafuta mwanzo: toleo ambalo shujaa au adui fulani ametokea kwa mara ya kwanza. Spider-Man mwenyewe alianzia kwenye Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, na toleo hilo lipo hata kwa bei ya 9d. Nakala moja iliyokuwa karibu mpya, ya daraja 9.6 kati ya 10, iliuzwa dola milioni 3.6 mwaka 2021. Iliyochoka sana ya toleo hilo hilo hupata sehemu ndogo mno ya fedha hizo, ingawa bado ni fedha ya kujengea. Andikeni jina na namba ya kila toleo, kisha mtafute kila moja mtandaoni. Na mkitafuta bei, msitazame bei anayotaka muuzaji; yeyote anaweza kuandika milioni kumi. Tazameni bei zilizokwisha kulipwa. Kwenye eBay kuna mahali pa kuchagua vilivyouzwa tu, na nyumba za mnada kama Heritage huweka matokeo ya minada yao wazi.

Halafu linakuja suala la daraja. Wakusanyaji hupima kwa namba kuanzia 0.5 hadi 10. Kumi ni kitabu kisichoguswa, 9.4 ni karibu kipya, 6 ni kizuri kilichosomwa kwa adabu, 4 kina uchovu unaoonekana, 2 kimetumika hasa lakini kimekamilika, 0.5 ni mabaki. Niseme ukweli wangu: vitabu ninavyoviona vikitoka kwenye nyumba zetu za pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, vingi viko kati ya 1 na 4. Si aibu. Vilisomwa, vikaazimwa, vikarudi vimekunjwa katikati kwenye mfuko wa nyuma wa suruali.

Kwa kuwa nina hakika utataka kujaribu, chukua kimoja, kwa mikono iliyonawa na kukauka kabisa. Glovu huhitaji, zinakufanya uchane kurasa. Kilaze juu ya meza safi karibu na dirisha, ukiinamishe kidogo mwanga uteleze juu ya kava. Kwenye mgongo wa kitabu, pale kilipokunjwa, utaona vistari vidogo vyeupe vilivyokata rangi. Vingi vinatokana na mtu kukifungua kwa nguvu. Tazama kona nne, zimebaki kali au zimeviringika. Tazama pini mbili: ni zenyewe za kiwandani au kuna mtu kaongeza stepla yake? Vuta kidogo ukurasa wa katikati, kwa ncha ya kidole, uone kama bado umeshikwa na pini zote mbili. Kisha fungua ukurasa mmoja mmoja, hadi mwisho. Wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo inayouma zaidi. Kuanzia 1974 Marvel waliweka stempu ndogo za kukata ndani ya vitabu vyao, na watoto wakazikata kwa utiifu. Hulk namba 181, ya Novemba 1974, inatafutwa sana kwa sababu Wolverine anatokea humo kwa kishindo. Ikikosa kile kipande kidogo cha stempu kwenye ukurasa wa barua, bei inaporomoka vibaya hata kama kava linang'aa. Mwisho, nusa, na utazame rangi ya karatasi ukingoni: nyeupe, krimu, au kahawia inayomeguka.

Jina la babu likiwa limeandikwa kwa kalamu juu ya kava, liacheni. Linapunguza daraja kidogo. Kulifuta kunalipunguza zaidi, na tena jina hilo linaonyesha kitabu kilitoka wapi.

Wapo watakaowaambia mpeleke vitabu CGC. Hiyo ni kampuni ya Florida inayopima vitabu tangu mwaka 2000: inakipa namba, inakifungia ndani ya boksi gumu la plastiki lenye lebo. Lebo ya bluu ni kitabu kisichotengenezwa, ya zambarau ni kilichofanyiwa ukarabati kama kupakwa rangi au kuzibwa vipande, na soko hulikimbia zambarau. Ndiyo maana nawasihi msichukue kalamu ya rangi mkaziba palipochubuka. Ada ya kupima huanzia makumi ya dola kwa kitabu, bado hujalipa posta ya kwenda na kurudi, bima na pengine ushuru. Kwa kitabu cha dola 30 ni hasara ya wazi. Mimi ningeanza kufikiria jambo hilo kwa kitabu ambacho bei zake zilizolipwa, katika daraja lile lile bovu mlilo nalo, zinapita dola mia tatu au mia nne.

Turudi kwenye uvundo. Vitabu hivi vilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, rahisi kuliko zote, kwa sababu vilikusudiwa kusomwa na kutupwa. Karatasi hiyo hutengenezwa kwa kusaga mti bila kuondoa lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Lignini ikikutana na hewa na mwanga huwa njano, kisha kahawia, na njiani huzalisha asidi. Asidi nayo inakata zile nyuzi zinazoipa karatasi nguvu, moja baada ya nyingine, hadi siku unakunja kona inabaki vidoleni. Joto na unyevu vinaharakisha kazi hiyo, na sisi tumebarikiwa vyote. Hewa ya Mtwara na Lindi huwa na unyevu unaopita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, wakati karatasi hupenda kati ya 40 na 50. Iwe kusi au kaskazi, upepo wetu unatoka baharini na chumvi yake. Chumvi na unyevu hula pini, kutu inanyonywa na karatasi iliyoizunguka, na pale pale karatasi inalegea, ukurasa wa kati unachomoka ukiacha matundu mawili yenye rangi ya udongo mwekundu.

Sasa unaona kwa nini jua si dawa. Mwanga ndio unaochochea ule umanjano, tena unafifisha wino. Nyekundu na njano hutangulia kuondoka. Selotepu huonekana safi mwaka wa kwanza, halafu gundi yake inazama ndani ya karatasi, inakuwa doa la kahawia linalonata, na plastiki yake inadondoka yenyewe. Doa halitoki tena. Laminesheni ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuwa haina kurudi: inayeyushia plastiki ndani ya karatasi kwa moto na kuifungia asidi yake humo humo. Kitabu kilichofanyiwa laminesheni, kwa mkusanyaji, kimekufa. Pasi ya kunyooshea nguo nayo isiguse kitu.

Fanyeni hivi. Vitoeni vyote kwenye tranka. Bati hupoa usiku na unyevu uliofungiwa ndani hugeuka matone. Vipangeni vimelala, si zaidi ya kumi kumi, juu ya meza katika chumba cha ndani kisichopigwa na jua, mbali na ukuta, na feni iwake ikizungusha hewa chumbani bila kuvipuliza moja kwa moja. Vyenye ukungu, yaani unga mweupe au wa kijani, vitengeni mara moja. Hivyo vikikauka kabisa ndipo mtu aliyevaa barakoa anaweza kuvipeleka nje kivulini, akapangusa unga kwa brashi laini ya rangi, akielekeza mbali na uso wake. Mwenye pumu asikaribie. Ukungu uliolowa msiufute, mtausambaza.

Mkiona vijidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kurasa, au vumbi la vitundu, msipulize dawa ya mbu na msiweke vipira vya nondo. Harufu yake inaingia kwenye karatasi na haitoki. Fungeni vitabu (vikiwa vikavu) ndani ya mfuko wa plastiki, toeni hewa, zibeni, muweke kwenye deep freezer kwa wiki mbili. Mkivitoa, msifungue mfuko mpaka siku moja nzima ipite, ili matone yagande nje ya mfuko na si juu ya kava. Si lazima niseme kwamba friza yenyewe isiwe ya samaki wa feri.

Baada ya hapo kila kitabu kipate mfuko wake. Ile mifuko laini yenye harufu ya plastiki mpya, kama kava za daftari, ni PVC na inatoa asidi, iepukeni. Ile myepesi, ya wazi, inayotoa sauti ya mchakacho ukiishika, ni polipropilini, na inafaa. Wakusanyaji hutia kadi isiyo na asidi nyuma ya kitabu. Msipoipata, karatasi nyeupe ya fotokopi za siku hizi kwa kawaida haina asidi. Weka mbili nyuma ya kila kimoja. Kadi za manila za dukani hapana. Kisha boksi la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, vingi, mbadilishe kila mara. Boksi lisikae sakafuni, na vitabu vyenye unyevu visifungiwe humo. Kipindi kizuri cha kufungia ni Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekwisha.

Nimeacha Spear na Sani makusudi hadi hapa, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo roho ya tranka hilo, na ndiyo ambayo hakuna kitabu cha bei kitakachowaambia ina thamani gani. Lance Spearman, ndiye huyo Spear, alitoka kwenye jarida la African Film la kampuni ya Drum, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, hadithi ya picha za kupigwa na kamera zenye maneno kwenye vipovu: kofia, sigara kubwa, Lemmy na Sonia pembeni. Lilisomwa kuanzia Lagos hadi Dar. Lilisomwa mno, na ndiyo sababu yamebaki machache. Yalipita mikono mpaka yakaisha, mengine yakaishia kufungia karanga. Sani, jarida letu la katuni, kadhalika. Vizazi viwili vilikua na Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, na michoro ya Philip Ndunguru, aliyefariki angali kijana, inasomwa leo na watafiti wa sanaa. Tatizo ni soko. Wapenzi wa Spider-Man ni mamilioni duniani na bei zao zinajulikana. Anayetaka Sani namba fulani ni mmoja mmoja, lakini akiikosa hana pa kuipata. Bei hapo ni makubaliano, na huenda ikachukua mwaka kumpata mtu sahihi.

Kwa aina hii daraja halina uzito sana. Mfululizo ndio wenye uzito. Matoleo thelathini yanayofuatana, hata yakiwa na kava zilizochoka, yana maana kuliko matano mazuri yaliyotawanyika. Kwa hiyo kosa kubwa kuliko yote ni kuchomoa “yale mazuri” na kuyauza peke yake. Kama familia haitaki kukaa nayo, ulizeni Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana, au Bodi ya Huduma za Maktaba kupitia maktaba ya mkoa. Maktaba zetu hazina fedha nyingi, sitawadanganya. Huko mtapata zaidi heshima na jina la babu kuliko noti. Mtafiti au mkusanyaji wa nje anaweza kulipa vizuri, lakini matoleo yakishaondoka nchini hayarudi. Huo ni uamuzi wenu, na mwenye shida ya ada ya shule simlaumu akichagua fedha.

Kuhusu laki tatu. Sisi watu wa korosho tunaijua biashara hii: ni kangomba. Mtu anakuja kabla ya mnada, ananunua bila mizani, anategemea haraka yako na usiyoyajua. Inawezekana kabisa kijana ni mwaminifu na tranka halifiki hata laki tatu, sijaliona. Lakini anayetaka tranka zima bila kulifungua na kuhesabu anajua kitu au anabahatisha, na katika hali zote mbili hasara ni ya muuzaji. Wekeni orodha: jina, namba, tarehe, bei iliyo kwenye kava, kasoro, na picha ya simu ya mbele na nyuma. Mpeni nakala, mwambieni aandike bei kila mstari. Mfanyabiashara wa kweli atafurahia orodha, inampunguzia kazi.

Najua kwetu kusini neno la mjomba ni zito, na simfundishi mtu kumpinga mjomba wake. Ila hivi vitabu ni sehemu ya mali ya marehemu. Kama mirathi imefunguliwa mahakamani, anayeuza ni msimamizi wa mirathi, na kinachopatikana ni cha warithi wote. Kama haijafunguliwa na humo kikapatikana kitu kikubwa, malizeni hilo kwanza, kwa maandishi.

Msaada wa ana kwa ana mtauhitaji katika mambo machache. Superman akipita rula na taa, kiwekeni bapa kati ya kadibodi mbili safi ndani ya mfuko, msitangaze kwa mtu, na mtafute mwanasheria kabla ya mnunuzi. Nyumba kubwa za mnada hutazama picha bila malipo kabla hujatuma kitu. Vya peni vyenye namba za chini, au chochote mtakachoona kimelipwa zaidi ya dola mia tatu, nileteeni nivione kwa macho, picha hazionyeshi pini wala harufu. Vije bapa ndani ya begi gumu, kwa daladala au gari, si mbele ya bodaboda. Kurasa zilizoshikana kwa maji msizibandue; hiyo ni kazi ya mhifadhi wa karatasi, na waulizeni Idara ya Nyaraka za Taifa. Vyenye ukungu msije navyo kabisa, nitumieni picha tu, maana hapa kwangu kuna vingine vizima.